Huduma za jamii Dar es Salaam: nani analipa, nani anahudumia, na ugonge mlango upi

Maji yakikatika, lawama kwa mwenyekiti wa mtaa. Barabara ikichimbika, mwenyekiti huyohuyo. Mwalimu wa hisabati akihamishwa bila kuletwa mwingine, anaulizwa tena yeye, ambaye mara nyingi hata rimu ya karatasi ya ofisini anainunua kwa kuomba. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayojirudia kwenye mikutano ya mitaa, kwenye foleni za zahanati na kwenye magrupu ya WhatsApp ya wazazi. Majibu yanafuata njia ya pesa, maana ukishajua mfuko unaolipia jambo lako, umejua pa kusukumia.

Mimi nakaa Mbagala. Niko Jiji la Dar es Salaam au siko?

Kwa mazungumzo ya daladala, uko jijini. Kwa makaratasi, uko Manispaa ya Temeke, na Halmashauri ya Jiji haihusiki na wewe.

Mkoa wa Dar es Salaam una halmashauri tano: Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Zamani, juu ya manispaa hizo palikuwa na Halmashauri ya Jiji iliyoshughulikia mambo ya pamoja. Februari 2021 Rais John Magufuli aliivunja, na Manispaa ya Ilala ndiyo ikapandishwa hadhi kuwa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Tangu hapo, anayeitwa Meya wa Jiji anaongoza eneo la Ilala tu: Kariakoo, Upanga, Buguruni, Segerea, Ukonga, Gongo la Mboto, Chanika. Tandika, Chamazi na Mbagala ni Temeke. Tandale, Kawe, Tegeta na Bunju ni Kinondoni. Manzese, Sinza, Goba na Kimara ni Ubungo. Ng'ambo ya bahari, Kibada hadi Kimbiji, ni Kigamboni.

Angalia usinaswe na majina. Mbezi Beach iko Kinondoni, ila Mbezi ya Kimara iko Ubungo. Watu wanapoteza siku nzima kwa kosa hilo, na karani wa mapokezi hatakuonea huruma.

Mabadiliko ya namna hii hayakuanza 2021. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa nchi nzima na madaraka yakapelekwa mikoani, halmashauri za miji zikarejeshwa 1978. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa na kuwekwa Tume ya Jiji, hadi 2000 zilipozaliwa manispaa tatu za mwanzo. Ubungo na Kigamboni zilikuja baadaye, zikimegwa kutoka Kinondoni na Temeke. Kwa hiyo ukimkuta mzee anayeshikilia kwamba Kimara ni Kinondoni, hajachanganyikiwa. Anakumbuka tu.

Mjumbe, mwenyekiti, mtendaji, diwani, mkurugenzi, DC: nani ni nani?

Mjumbe, au balozi wa nyumba kumi, ni kiongozi wa chama. Tangu vyama vingi virudi mwaka 1992 yeye si sehemu ya serikali, ingawa mitaa mingi bado watu huanzia kwake kwa mazoea. Anaweza kukusaidia kwa kuwa anakufahamu, lakini hana mhuri wa serikali.

Mwenyekiti wa serikali ya mtaa umemchagua wewe. Uchaguzi wa karibuni ulikuwa Novemba 27, 2024. Pembeni yake yuko mtendaji wa mtaa, mwajiriwa wa halmashauri. Juu yao kuna kata, yenye mtendaji wa kata na diwani. Diwani ndiye kura yako kwenye Baraza la Madiwani, na baraza hilo ndilo linalopitisha bajeti ya halmashauri na kumchagua meya. Mkurugenzi ndiye mtendaji mkuu na mshika kalamu ya malipo, lakini hachaguliwi na wananchi wala madiwani. Anateuliwa na Rais. Yeye na ofisi yake wanawajibika pia kwa TAMISEMI, ofisi ya serikali kuu inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa.

Mkuu wa wilaya (DC) na mkuu wa mkoa ni wawakilishi wa serikali kuu. Wanaratibu, wanafuatilia, wanaweza kumwita mkurugenzi na kumuuliza mbele ya kamera. Bajeti ya zahanati yenu hawaishiki wao. Ziara yao husaidia sana kuamsha jambo lililolala, lakini kama jambo halina fungu, ziara ikiisha nalo linarudi kulala.

Pesa za halmashauri zinatoka wapi?

Kuna mikondo miwili mikubwa, na wa tatu unaokuja kwa misimu.

Mkondo wa kwanza ni ruzuku kutoka Hazina. Hapa ndipo inapotoka mishahara ya walimu, wauguzi, maofisa wa halmashauri karibu wote, pamoja na fedha za matumizi mengineyo na baadhi ya miradi. Kwa halmashauri yoyote nchini, mshahara ndio unaokula sehemu kubwa ya ruzuku hiyo.

Mkondo wa pili ni mapato ya ndani, na hapa Dar es Salaam inaziacha mbali halmashauri nyingi kwa sababu biashara imejazana huku. Ushuru wa huduma hutozwa kama sehemu ndogo ya mauzo ya biashara. Kuna leseni za biashara, vibali vya ujenzi, ushuru wa masoko na stendi, ada za matangazo, ushuru wa nyumba za kulala wageni, ada ya taka. Siku hizi malipo haya hupitia namba ya kumbukumbu ya malipo, ile watu wanayoiita kontroo namba. Akikujia mtu na kitabu cha risiti za mkono akidai pesa ya manispaa taslimu, muombe namba hiyo. Asiyekuwa nayo, msalimie na umwache aende.

Mapato ya ndani ndiyo pesa ambayo madiwani wenu wana sauti nayo ya kweli. Miongozo ya bajeti huzitaka halmashauri zenye makusanyo makubwa kupeleka asilimia 60 au zaidi kwenye maendeleo, badala ya posho, mafuta ya magari na semina. Ukisikia diwani anasema "hatuna hela", swali la kumuuliza ni hela ipi: ya Hazina iliyochelewa, au ya ndani mliyoipanga wenyewe?

Mkondo wa tatu ni mikopo na misaada. Mradi wa kuendeleza jiji la Dar es Salaam, DMDP, ulioanza 2015 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 300 ndio uliojenga barabara nyingi za mitaani na mitaro mikubwa Kinondoni, Ilala na Temeke, na sasa kuna awamu ya pili. Bonde la Mto Msimbazi lina mradi wake, ulioidhinishwa 2022. Mwaka 2021 Tanzania ilipata kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa takriban shilingi trilioni 1.3 za kukabiliana na UVIKO-19, zikajengwa madarasa 15,000 nchi nzima. Ndiyo yale ambayo wengi bado wanayaita madarasa ya UVIKO. Mikopo hii inakopwa na serikali kuu na inalipwa na serikali kuu. Manispaa yenu hainyimwi bajeti ya mwakani kwa sababu mmejengewa mtaro.

Ongeza hapo Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya 2009, ambao kamati yake inaongozwa na mbunge. Si fedha nyingi ukilinganisha na mahitaji, lakini zinatosha kumalizia boma la darasa ambalo nguvu za wananchi zimelifikisha kwenye renta. Mbunge akisema "nimetoa mabati", mara nyingi ni mabati ya mfuko huu. Ni yenu.

Manispaa inakusanya mabilioni, kwa nini shule yetu haina walimu wa kutosha?

Kwa sababu pesa inayojenga darasa na pesa inayomlipa mwalimu hazitoki mfuko mmoja. Halmashauri inaweza kutenga mapato ya ndani, ikapandisha ghorofa la madarasa, ikanunua madawati na kuweka uzio. Kuajiri mwalimu kwa mshahara wa serikali kunahitaji kibali cha serikali kuu na nafasi kwenye bajeti ya mishahara ya taifa. Hali ni hiyohiyo kwa wauguzi. Ndiyo maana unaweza kukuta zahanati mpya inang'aa rangi, ina kitanda cha kujifungulia, na ndani yuko muuguzi mmoja anayehangaika kuanzia kadi hadi sindano.

Halmashauri haibaki mikono mitupu kabisa. Mkurugenzi anaweza kuhamisha walimu ndani ya eneo lake, na Dar es Salaam hapo ndipo penye mchezo: shule za kati zina walimu wamejaa ofisini, shule za pembezoni kama za Chanika au Kimbiji zinahesabu kwa vidole. Kulisema hilo kwenye kikao cha kata, ukitaja idadi ya wanafunzi na walimu wa shule mbili, kuna nguvu kuliko kulalamika kwamba "serikali haituletei walimu".

Elimu ni bure. Mbona tunaambiwa tuchange?

Tangu Januari 2016, ada ya shule za msingi na sekondari za serikali hadi kidato cha nne imefutwa, kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015. Kidato cha tano na sita vikaongezwa mwaka 2022. Badala ya ada, Hazina inapeleka fedha shuleni moja kwa moja. Kiwango cha ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka na 25,000 kwa wa sekondari, na si zote zinafika kwenye akaunti ya shule: sehemu hubaki juu kwa ajili ya vitabu. Shule za sekondari za kutwa hufidiwa pia ile ada ya 20,000 iliyokuwa ikilipwa zamani.

Piga hesabu mwenyewe. Shule ya msingi yenye watoto elfu moja, umeme, maji, chaki, mitihani ya majaribio, mlinzi. Haitoshi, na kila mtu anajua haitoshi. Pengo hilo ndilo linalozaa michango ya uji, masomo ya ziada, tahadhari ya vitu vitakavyoharibika na mlinzi.

Utaratibu unaruhusu wazazi kukubaliana kuchangia kwa hiari, kwenye mkutano wao, kwa kufuata kibali cha mamlaka za juu ya shule. Kisichoruhusiwa ni kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu mzazi hajatoa. Ikitokea, usigombane na mwalimu wa darasa, kwani yeye katumwa. Nenda kwa mwalimu mkuu, kisha kwa afisa elimu kata, na ukitoka hapo bila jibu, barua kwa mkurugenzi. Na kwa upande wa pili: mzazi anayeweza kutoa pesa ya uji akakataa kwa kauli ya "elimu bure" anaokoa kidogo sana, na mtoto wake ndiye anayekaa na njaa hadi saa nane.

Nikiugua, nianzie wapi na nani analipa?

Ngazi ni hizi: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, halafu Muhimbili na taasisi kama Ocean Road kwa saratani na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Ngazi tatu za chini ni za halmashauri. Amana, Mwananyamala na Temeke, ambazo watu wengi wanaziita "za manispaa", ni hospitali za rufaa za mkoa na ziko chini ya Wizara ya Afya. Ndiyo maana halmashauri zimelazimika kujenga hospitali zao za wilaya pembezoni, kama Kivule kwa Ilala na Mabwepande kwa Kinondoni. Malalamiko ya Amana kuyapeleka kwa diwani ni kumpa diwani hotuba, basi.

Pesa za kituo cha halmashauri huja kwa vijito. Mshahara kutoka Hazina. Dawa kupitia Bohari ya Dawa, MSD, kwa fedha za serikali na makusanyo ya kituo. Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wahisani, tangu mwaka wa fedha 2017/18 unaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Kisha kuna malipo ya wagonjwa wenyewe, yaliyoanza nchini 1993 kwa jina la uchangiaji, na malipo ya bima.

Kwa sera, huduma ni bila malipo kwa mama mjamzito, mtoto wa chini ya miaka mitano, mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo, na kwa magonjwa kama kifua kikuu na UKIMWI. Kwa uhalisia, dawa ikiisha dirishani utaandikiwa ukanunue duka la nje, na hapo sera haikufuati hadi kwenye kaunta. Kabla ya kutoka, waulize kwa upole kama kuna dawa mbadala iliyopo. Mara nyingi ipo, ila muuguzi ana foleni ya watu arobaini na haoni nafasi ya kukueleza.

Asiye na uwezo kabisa, hata kama hayumo kwenye makundi hayo, anapaswa kuonana na afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Huyo ndiye mwenye kalamu ya msamaha. Mpeleke mgonjwa ukiwa na barua ya serikali ya mtaa inayoeleza hali yake. Bila barua atakuhoji hadi jioni, na ana haki, maana wapo wanaofika na gari wameliacha nje ya geti.

Kila zahanati na kituo cha afya kina kamati ya usimamizi yenye wajumbe kutoka kwa wananchi. Ni nafasi ambazo watu hawazigombei. Wanaozipata ndio wanaokaa na mganga mfawidhi kuamua fedha za kituo zinunue nini robo hii.

Na bima?

Ipo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, inayolenga kila mkazi awe na bima. Kabla yake wenye ajira rasmi wamekuwa NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, na wengine wamejiunga na CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, ambayo kwa Dar es Salaam gharama yake kwa kaya ya watu sita ilipangwa juu zaidi kuliko mikoani. Unapojiunga na mpango wowote, uliza vitu viwili kabla ya kulipa: kadi inakubalika hadi hospitali ya ngazi gani, na inaanza kufanya kazi lini. Watu hujiunga mgonjwa akiwa tayari kwenye bajaji.

Maji yanatoka siku mbili kwa wiki. Manispaa inasemaje?

Manispaa haina la kusema. Maji na majitaka ni ya DAWASA, mamlaka iliyo chini ya Wizara ya Maji, na bei zake hupitishwa na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji. Maji mengi ya jiji hutoka Mto Ruvu, kupitia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, na mto ukipungua kama ilivyotokea mwishoni mwa 2022, mgao unaanza. Bwawa la Kidunda mkoani Morogoro linajengwa kwa ajili hiyo. Kigamboni hutegemea zaidi visima virefu.

Kwa tatizo la mtaani, yaani bomba limepasuka au bili haieleweki, nenda ofisi ya DAWASA ya eneo lako ukiwa na namba ya akaunti na picha ya usomaji wa mita. Picha hiyo humaliza ubishi mwingi.

Barabara ya mtaani kwetu imekufa. Ni ya nani?

Kama ni barabara kuu au ya mkoa, kwa mfano Morogoro, Mandela au Kilwa, ni ya TANROADS, wakala wa barabara wa serikali kuu. Karibu zote nyingine, hadi kichochoro kinachopitisha gari, ni za TARURA, wakala ulioanza Julai 2017 na kuzichukua barabara kutoka halmashauri. Pesa yao kubwa ya matengenezo hutoka Mfuko wa Barabara, unaokatwa kwenye kila lita ya mafuta. Mgawo uliozoeleka umekuwa asilimia 70 kwa TANROADS na 30 kwa TARURA, na mwaka 2021 ikaongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za TARURA. Kwa hiyo bodaboda anayelalamika mashimo ameshalipia, kila anapojaza tangi.

Halmashauri inaweza kuongeza fedha zake za ndani kwenye barabara na baadhi hufanya hivyo. Diwani anaingia hapo. Orodha ya vipaumbele vya matengenezo hutengenezwa mapema, kwa hiyo kudai greda katikati ya masika ni kuchelewa. Mzigo wa hoja upelekwe miezi ile bajeti inapoandaliwa, kuanzia mwishoni mwa mwaka.

Mitaro ya pembeni mwa barabara inafuata mwenye barabara. Kuisafisha taka mnazotupa wenyewe ni kwenu.

Nalipa ada ya taka kila mwezi na gari halipiti. Nifanye nini?

Hii ni ya halmashauri moja kwa moja, hakuna pa kusingizia. Halmashauri huingia mkataba na kampuni au vikundi vya mtaani, ambavyo huzoa kwa guta au gari na kukusanya ada nyumba kwa nyumba. Taka huishia dampo la Pugu Kinyamwezi, na kwa anayekaa Bunju au Mbweni safari hiyo ni ndefu kiasi kwamba mafuta hula faida yote. Kikundi kikizidiwa na gharama, njia ya kwanza kuachwa ni ile yenye mashimo na wadaiwa wengi. Ni hesabu ya kibiashara, inaudhi, lakini ukiielewa unajua cha kufanya: kaya ishirini za uchochoro mmoja zikilipa kwa pamoja na kumwandikia afisa afya wa kata, mzoaji anajikuta ana sababu ya kuja na ana mtu wa kumuuliza asipokuja.

Kuhusu majitaka: sehemu kubwa ya jiji haijaunganishwa na mabomba ya majitaka, watu wana mashimo na makaro. Gari la kunyonya ni ghali, ndiyo maana mvua ikianza wengine hutapisha vyoo. Ni kosa kisheria na afisa afya anaweza kukutoza faini. Majirani wa bondeni ndio wanaokunywa matokeo, na kipindupindu Dar es Salaam si hadithi ya zamani.

Kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU. Mimi mpangaji inanihusu nini?

Kisheria kodi ni ya mwenye nyumba. Tangu Julai 2021 inakatwa kwenye umeme kwa sababu ni rahisi kuikusanya, na anayenunua umeme ndiye anayekatwa. Kiwango kilianza shilingi 12,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida na 60,000 kwa kila sakafu ya ghorofa mjini. Mwaka 2023 kikapanda hadi 18,000 na 90,000. Weka kumbukumbu za manunuzi, kisha mkubaliane na mwenye nyumba airudishe kwenye kodi ya pango. Wapo wenye nyumba waungwana, wapo watakaokuambia hama.

Nyumba moja yenye mita nne isikatwe mara nne. Mwenye nyumba aombe arekebishiwe. Mzee wa miaka 60 na kuendelea ana msamaha kwa nyumba anayoishi, lakini msamaha huo haujiwashi wenyewe. Lazima uombwe.

 

Mkopo wa asilimia kumi unapatikanaje?

Sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kuwakopesha wanawake (4), vijana (4) na watu wenye ulemavu (2), bila riba. Kwa Dar es Salaam, kwa sababu mapato ni makubwa, hicho ni kiasi kikubwa cha pesa, na ndicho kilichovutia vikundi hewa. Mwaka 2023 serikali ilisimamisha mikopo hiyo baada ya ripoti za ukaguzi kuonyesha fedha nyingi hazirejeshwi, ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Halmashauri kumi zilichaguliwa kujaribu kukopesha kupitia benki, Jiji la Dar es Salaam likiwa mojawapo. Nyingine zinaendelea kupitia halmashauri zenyewe.

Anzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kikundi kiwe na katiba, akaunti benki, usajili na biashara inayoonekana kwa macho. Maombi hujazwa kwenye mfumo wa mtandaoni, na huyo afisa atakusaidia bila malipo. Anayedai "ya soda" ili jina lipande juu, mripoti TAKUKURU kwa namba 113.

Ushauri wangu, ambao hauko kwenye kanuni yoyote: kikundi kilichokuwa kikiweka na kukopeshana pesa zake chenyewe hata mwaka mmoja, kama vile vikoba vya akina mama lishe, hurejesha. Kikundi kilichokutana kwa ajili ya fomu hugawana pesa siku inapoingia na hawaonani tena.

TASAF ni ya watu gani? Mbona jirani anapata na mimi sipati?

TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa serikali kuu, ulianza mwaka 2000, na mpango wa kunusuru kaya maskini ukaanza 2013. Majina hutajwa kwanza kwenye mkutano wa mtaa, kisha kaya hujaziwa dodoso na hesabu hufanywa na mfumo. Mwenyekiti hana uwezo wa kukuingiza katikati ya awamu, hata akiahidi. Kama unaamini kaya fulani imeingizwa kwa upendeleo, mahali pa kusema ni mkutano wa mtaa, na inasemwa kwa jina na kwa sababu. Ni vigumu, mnaishi ukuta kwa ukuta. Wengi huishia kunong'ona bombani.

Mtoto wa jirani anapigwa kila siku. Naripoti wapi?

Piga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto. Au nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au manispaa, au Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi. Kama kuna jeraha, mtoto atibiwe kwanza. Fomu ya PF3 isimcheleweshe mtu anayevuja damu. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa kila mwanajamii wajibu wa kuripoti, kwa hiyo hujaingilia ya watu.

Wazee wasio na ndugu hupokelewa kwenye makazi ya serikali, kwa Dar es Salaam ni Nunge, Kigamboni. Njia ya kufika huko ni ustawi wa jamii pia. Idara hii hupewa bajeti ndogo kuliko zote nilizozitaja hapa, na ofisa mmoja huweza kubeba mashauri ya kata kadhaa, basi fuatilia bila kuchoka na bila kufoka.

Tunataka zahanati mtaani. Tunaanzaje?

Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Mradi ambao haujaandikwa mapema hauna fungu, na usiokuwa na fungu haulipiwi hata Rais akipita.

Hoja izaliwe kwenye mkutano wa mtaa na iingie kwenye muhtasari. Hakikisheni imeandikwa, muhtasari ndio mguu wa kila kitu kinachofuata. Inapanda hadi Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani ni mwenyekiti na mitaa yote inagombania. Kisha inakwenda halmashauri. Mtaa unaofika na kiwanja kilichopimwa, kisicho na mgogoro, unawapita mitaa kumi yenye kelele, maana ardhi ndiyo kikwazo kikubwa mjini: fedha zinaweza kuja na kurudi Hazina mwisho wa mwaka kwa kukosa pa kujenga. Ujenzi mwingi hufanyika kwa fosi akaunti, ambapo halmashauri hununua vifaa na kutumia mafundi wa kawaida chini ya kamati za wananchi. Ingieni kwenye kamati ya mapokezi ya vifaa. Saruji hupotea pale ambapo hakuna anayehesabu mifuko.

Naweza kuona hesabu za halmashauri yangu?

Unaweza. Baraza la Madiwani hukutana kila robo mwaka na mwananchi anaruhusiwa kukaa na kusikiliza. Mapato na matumizi yanatakiwa kubandikwa kwenye mbao za matangazo, kuanzia mtaa. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, CAG, hukabidhiwa kwa Rais kila Machi na kuwekwa wazi baada ya kufika bungeni Aprili; kuna kitabu kizima cha serikali za mitaa. Kitafute kwenye tovuti ya ofisi hiyo, tafuta jina la halmashauri yako ndani yake, na ufike nalo kwenye mkutano ujao wa mtaa. Wakurugenzi huitwa kuyajibu hayo mbele ya Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa.

Maswali madogo madogo

*Moto ukiwaka?* 114. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji liko Wizara ya Mambo ya Ndani, si la manispaa.

*Mwendokasi?* Wakala wa DART, chini ya TAMISEMI.

*Kivuko cha Magogoni?* TEMESA, wakala wa serikali wa ufundi na umeme. Daraja la Nyerere, Kigamboni, tozo yake inahusu NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii.

*Barua ya utambulisho ya mtaa ni shilingi ngapi?* Omba kuonyeshwa bango la bei. Lisipokuwepo, omba risiti ya serikali. Mara nyingi ukishaomba risiti, barua inatoka bila malipo.

*Nimeandika barua mara tatu, sijajibiwa.* Ya nne ipeleke kwa mkono, na nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Nakala nyingine mpe diwani aiulize barazani, kwa sababu swali la diwani linaingia kwenye kumbukumbu na mkurugenzi lazima alijibu.